Chema chajiuza? Si msimu huu

Tumelelewa na methali kwamba chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Ni methali tamu, na kwa mtu mwenye duka la pekee kijijini huenda bado ina ukweli wake. Lakini wewe uko Nairobi, au Nakuru, au Mombasa. Kwenye barabara uliyopanga bidhaa zako kuna vinyozi watano, mama mboga saba, na kijana wa smoki pasua kila baada ya hatua ishirini. Hapo chema kikikaa kimya kinaozea kwenye rafu, na kile kibaya kilichojitembeza kinaondoka na mteja wako.

Na msimu wenyewe ndio huu. Huhitaji mtaalamu wa uchumi akueleze kwamba mambo yamekaza. Septemba 2023 tuliona petroli ikipita Sh211 kwa lita jijini Nairobi, na nauli ikishapanda unajua huwa haina haraka ya kushuka. Mteja wako aliyeajiriwa naye anakatwa asilimia 1.5 ya mshahara kwa ajili ya nyumba za bei nafuu na asilimia 2.75 ya bima ya afya, kabla hajaona hata shilingi. Halafu kuna kodi ya nyumba, tokeni za stima na karo ya mdogo wake. Anachokuletea wewe ni masalio.

Kwa hivyo sitakuambia kwamba shida iko kichwani mwako, au kwamba ukiamka saa kumi alfajiri na kuwaza vyema utaomoka. Hizo ni hadithi za watu wanaouza tiketi za semina. Shida ni ya kweli na iko kwenye mifuko ya watu. Ninachokuambia ni hiki: uchumi mbaya huijeruhi biashara ndogo, lakini kinachoimaliza mara nyingi ni ukimya.

Angalia jinsi ukimya unavyoanza. Wiki ya kwanza mauzo yanashuka, unapunguza stoki. Mteja anakuja, anakosa kitu alichozoea, unamwambia "kuja kesho." Wiki ya pili unaanza kufungua saa tatu badala ya saa moja kwa sababu asubuhi hakuna watu. Wiki ya tatu simu ya biashara haina bando, na meseji za watu wanaouliza bei zinakaa bila kujibiwa. Wiki ya nne mteja wako wa siku nyingi anapita, anakuta mlango umefungwa, anamwambia mwenzake, "Huyo jamaa alifunga." Hukuwa umefunga. Ulikuwa umeenda Gikomba kusaka bei nzuri. Lakini mtaani, habari kwamba umefunga haihitaji ushahidi.

Mteja uliye naye ndiye tangazo

Kijana akisikia neno "kutangaza biashara," picha inayomjia ni ya pesa: mabango, kulipia posti zisambae, kumlipa mtu mwenye wafuasi laki mbili acheze na bidhaa yako kwa sekunde thelathini. Halafu anaangalia chapaa iliyoko kwenye simu, anakata tamaa, ananyamaza. Ndipo ninaposema tuanze upande mwingine kabisa.

Tuseme una kinyozi Umoja na unanyoa kwa Sh200. Mteja mmoja anayerudi kila wiki mbili anakuja mara 26 kwa mwaka. Hiyo ni Sh5,200 kutoka kwa kichwa kimoja. Ukiwa na wateja thelathini wa aina hiyo, una Sh156,000 kwa mwaka kabla hujamhesabu mpita njia hata mmoja. Sasa jiulize: huyo mtu wa Sh5,200 unajua jina lake? Una nambari yake? Akikosa kuja wiki tano, utajua hayupo, au utashtuka ukimwona ametoka kwa jirani akiwa amenyolewa?

Msimu wa neema unaweza kuishi kwa wapita njia. Msimu wa ukame, mpita njia anapita tu. Anayekufaa ni yule anayekujua, na kumfikia hakukugharimu bango. Kunakugharimu meseji ya maneno kumi yenye jina lake: "Brayo, nimepata ile mashine mpya ya ndevu, Jumamosi niko kutoka saa moja." Ukiituma kwa watu kumi na watatu kati yao wakaja, umepata Sh600 kwa meseji ambazo thamani yake haifiki bei ya andazi.

Sisemi usitafute wateja wapya. Nasema mpya huja kwa urahisi akiletwa na wa zamani. Mtu akiletwa na rafiki anakuja tayari anakuamini. Mtu aliyeona tangazo anakuja akikushuku, anauliza bei, anasema "nitarudi," na sote tunajua "nitarudi" ya Nairobi inamaanisha nini.

Piga hesabu kabla ya kupiga kelele

Kuna jambo moja lazima lije kabla ya hata posti moja. Ukitangaza bidhaa inayokupa hasara, unaharakisha hasara. Kila mteja mpya anakuchimbia shimo zaidi. Na vijana wengi tunauza tukiwa hatujui tunabaki na nini, kwa sababu pesa ya biashara na ya mfukoni zinalala kitanda kimoja. Unapokea malipo kwenye nambari yako ya kawaida, jioni unatuma nyumbani, unanunua bando, unalipa Fuliza, na kesho unashangaa pesa ya stoki ilienda wapi.

Tenganisha. Pochi la Biashara inakuruhusu kupokea malipo kando na pesa zako binafsi kwenye laini hiyohiyo. Till pia inafanya kazi hiyo. Na kama hutaki mambo mengi, daftari la Sh50 linatosha: upande huu kilichoingia, upande ule kilichotoka, kila siku kabla ya kufunga. Ukifanya hivyo kwa mwezi mmoja utajua vitu ambavyo hakuna semina itakufundisha: siku ambayo unauza sana, kitu kinachokaa kwenye rafu bila kuguswa, na kiasi unachochota mwenyewe bila kujiona.

Hesabu hiyo ndiyo itakuzuia kufanya lile kosa maarufu la msimu mgumu, yaani kushusha bei ovyo. Chukua mtu wa chipo. Tuseme sahani anaiuza Sh100, na viazi, mafuta, makaa na karatasi vinakula Sh70. Anabaki na Sh30. Wateja wanapungua, anaogopa, anashusha bei hadi Sh80. Gharama haijashuka, kwa hivyo sasa anabaki na Sh10. Ili arudi alipokuwa, lazima auze sahani tatu pale alipokuwa anauza moja. Bei imepungua kwa moja ya tano, kazi imeongezeka mara tatu. Na siku akijaribu kurudisha bei, wateja watamwangalia kama mwizi.

Mtaa wetu ulishagundua njia bora kuliko hiyo zamani sana. Ukikosa pesa ya chupa nzima ya mafuta ya kupikia, duka la kona linakupimia ya Sh20. Sukari inafungwa kwa karatasi za robo. Simu zetu zilienea katika mitaa ya chini kwa sababu mtu aliweza kununua muda wa maongezi wa Sh20 badala ya kadi ya mamia. Huo ndio uchumi wa kadogo, na hekima yake ni kwamba hugusi bei, unagusa kipimo. Uza chipo ya hamsini kwa kipimo cha hamsini, faida yako ibaki palepale, na mteja asiondoke na njaa wala aibu.

Kila biashara ina kadogo yake ukiitafuta. Kinyozi hawezi kunyoa nusu ya kichwa, lakini anaweza kurekebisha ndevu na pembeni kwa Sh100 kati ya kunyoa na kunyoa. Msusi anaweza kuwa na mtindo wa saa moja kando na ule wa siku nzima. Anayeuza viatu vya mitumba anaweza kumruhusu mteja alipe polepole, kiatu kikikaa dukani mpaka shilingi ya mwisho iingie. Angalia kwamba hicho kiatu kimekaa dukani. Kumpa mtu kiatu aondoke nacho kwa ahadi ya mwisho wa mwezi ni jambo lingine kabisa. Deni nalo ni njia ya kushika mteja, mama mboga wanaijua vizuri, lakini wanajua pia nani wa kumpa, mwisho ni shilingi ngapi, na kila kitu kiko kwenye daftari. Deni lisiloandikwa hukupotezea pesa na mteja pamoja, maana anayedaiwa huanza kupitia barabara nyingine.

Simu iliyo mkononi mwako

Sasa tufike kwenye posti. Kuna vitu vya bure ambavyo wengi wetu tunavyo na hatuvitumii.

WhatsApp Business ni programu ya bure iliyozinduliwa mwaka 2018. Ndani yake una orodha ya bidhaa zako na bei zake, saa zako za kufungua, jibu linalojituma lenyewe ukiwa umelala, na lebo za kupanga wateja: huyu amelipa, huyu anasubiri, huyu ni mpya. Unaweza pia kutuma ujumbe mmoja kwa orodha ya watu hadi 256 na kila mmoja akaupata kivyake, bila kuwaingiza kwenye grupu la kelele. Sharti lake ni kwamba ujumbe unamfikia tu aliyehifadhi nambari yako. Kwa hivyo mteja akilipa, mwombe papo hapo: "Nisevu basi, uone mzigo ukifika." Hilo ombi dogo lina thamani kuliko wafuasi elfu moja ambao hawajui uko mtaa gani.

Status nayo inaishi saa 24 tu, kisha inapotea. Ndiyo maana kuweka picha ishirini Jumatatu na kupotea mpaka wiki ijayo hakusaidii. Weka mbili kila siku, kwa saa zilezile, mpaka watu wazoee. Mzigo ukifunguliwa, weka. Mandazi yakitoka kwenye mafuta, weka. Mteja akiridhika, weka, akikubali.

Jisajili pia kwenye ramani ya Google. Ni bure. Mtu aliyehamia mtaa wenu jana hajui jirani hata mmoja, lakini anaweza kuandika "kinyozi" kwenye simu na kuona aliye karibu. Usipokuwepo hapo, kwake wewe hujazaliwa.

Kisha, tafadhali, andika bei. Hii tabia ya "bei njoo DM" inawafukuza watu. Mtu mwenye Sh800 mfukoni hataki kuanza mazungumzo na mgeni ili aaibike kuambiwa ni Sh2,500. Anapita. Andika bei, andika uko wapi, jengo gani, karibu na stegi gani, unafungua saa ngapi. Posti yenye mambo hayo manne ina kazi kuliko video iliyopambwa muziki ambayo mtu akimaliza kuitazama hajui unauza nini.

Na kuna mpaka wa kuheshimu. Tangu 2019 tuna sheria ya kulinda data, na picha ya mteja au nambari yake si mali yako ya kutumia utakavyo. Septemba 2023 kilabu kimoja cha Nairobi kilipigwa faini ya Sh1,850,000 kwa kuchapisha picha ya mtu aliyekuwa mle ndani bila idhini yake. Kibanda chako hakiwezi kubeba mzigo kama huo. Uliza kwanza. Na mtu akisema "usinitumie tena hizo meseji," mwondoe kwenye orodha bila kununa. Biashara haigombi.

Usitembee peke yako

Majirani zako wa barabarani ukiwaona kama maadui tu, umejinyima tangazo lingine la bure. Anayenyoa na anayeuza chipo hawagombanii mteja. Kichwa kikisubiri zamu, tumbo liko huru. Mwenye mitumba ya wanawake na msusi wanahudumia mtu yuleyule Jumamosi ileile. Kubalianeni: anayetoka kwangu na karatasi yangu anapata kachumbari ya bure kwako, anayetoka kwako ananyolewa ndevu kwa bei pungufu kwangu. Hata washindani wanaweza kusaidiana. Wauzaji wawili wa bidhaa moja wakichanga nauli na kuchukua mzigo pamoja Kamukunji au Nyamakima, bei ya jumla inakuwa na heshima kidogo.

Jua pia kalenda ya pesa za mtaa wako. Kati ya tarehe 28 na 5 watu wana kitu. Tarehe 18 hawana. Januari tumeibandika jina la Njaanuari kwa sababu zake, na kila muhula wa shule ukifunguliwa, sare na karo vinakula kwanza. Mfanyabiashara mwerevu anauza vitu vikubwa mwisho wa mwezi na vipimo vya kadogo katikati. Anayeuza nguo haleti mzigo mkubwa wiki ambayo wazazi wamepanga foleni ya vitabu. Tarehe hizi hazijifichi, ziko ukutani kwako.

Kama unapika, unashona au unachapisha fulana, usitazame barabara pekee. Ofisi, makanisa, vyama na shule vinanunua hata msimu mgumu, ila vinataka karatasi. Tangu Januari 2024, kampuni ikitaka gharama yake itambuliwe inapopiga hesabu ya ushuru, inahitaji risiti ya kielektroniki ya eTIMS. Kwa hivyo kijana anayeweza kutoa risiti hiyo kwa chakula cha mkutano wa watu ishirini ana mlango ambao mpishi mzuri kumliko hana. Huenda usipende kusikia, lakini risiti nayo inatangaza biashara.

Mkopo si mteja

Mauzo yakishuka, simu yako itaanza kukupenda ghafla. Programu za mikopo zitakuita kwa jina. Kabla ya kubofya, jiulize swali moja: hii pesa inaenda kununua kitu nitakachouza lini? Kama jibu ni mzigo ambao tayari una watu wanaoungoja, mkopo una maana. Kama inaenda kuziba kodi ya duka ili upate mwezi mwingine wa kungoja, umehamisha shida ya leo hadi wiki ijayo na kuiongezea uzito.

Hazina ya Hustler, iliyozinduliwa Novemba 30, 2022, inatoza asilimia 8 kwa mwaka, na hiyo ni nafuu ukilinganisha na programu nyingi. Lakini mkopo wake wa mtu binafsi unarudishwa ndani ya siku 14. Uchukue ukijua kama mzigo wako unazunguka ndani ya siku 14. Sukari inazunguka. Koti la baridi likinunuliwa Desemba halizungushwi na maombi.

Na ile njia nyingine ya mkato, ya kupeleka pesa ya stoki kwa ndege inayopaa kwenye skrini au kwa timu tano za wikendi, sitaihubiri sana. Unaijua. Pesa ya stoki ina kazi. Ukiipeleka kamari, umefunga duka kwa mikono yako na hata hujapata usumbufu wa kuteremsha mlango.

Wewe pia ni stoki

Biashara ndogo haina idara ya mauzo. Ina wewe. Ukichoka, imechoka. Ukiwa na uso wa matanga, mteja anahisi kabla hujafungua mdomo, na mwenye shida zake hataki kulipa ili aongezewe zako. Hilo si jambo la kutabasamu kinafiki kutwa nzima. Ni jambo la kujitunza kama unavyoitunza mashine inayokuletea mkate.

Chagua nusu siku ya kupumzika na uitangaze. "Jumapili tunafungua saa nane" iliyoandikwa mlangoni haimpotezi mteja. Kinachompoteza ni kutojua. Jilipe kiasi fulani kila wiki, hata kama ni kidogo, na uishi ndani yake. Ukijichotea tu kila unapohitaji, hutajua kama duka linakulisha au wewe ndiye unayelilisha. Nyumbani nao waambie ukweli. Wengi wetu tunabeba familia na tunaona aibu kusema "mwezi huu nina elfu mbili tu," kwa hivyo tunatoa ya stoki. Mama akijua hali ilivyo, mara nyingi ni mwepesi wa kuelewa kuliko tunavyomdhania.

Tafuta pia watu wawili au watatu wanaofanya biashara mnaoweza kuambiana namba za kweli. TikTok imejaa watu waliopata milioni kwa miezi mitatu. Ukiwatazama saa sita usiku baada ya kuuza Sh400 kutwa nzima, utajiona mjinga. Rafiki anayekuambia "leo mimi pia nimeuza mia nne, lakini Jumamosi iliyopita nilijaribu kitu hiki" atakusaidia kuamka kesho.

Neno kwa wanaotuambia tujiajiri

Viongozi wetu hawachoki kutuhimiza tujiajiri. Sawa, tumejiajiri. Sasa watazame mazingira waliyotuwekea. Tangu Julai 2023, ushuru wa mauzo kwa biashara ndogo ulipanda kutoka asilimia 1 hadi 3, na unatozwa kwenye mauzo, si kwenye faida. Unamgusa anayeuza zaidi ya Sh1 milioni kwa mwaka. Hiyo inasikika kama pesa ya matajiri mpaka uigawe kwa siku 365: ni kama Sh2,740 kwa siku. Duka dogo la mtaani linafika hapo. Na kama faida yake ni asilimia 10, ushuru huo unachukua karibu theluthi moja ya faida kabla ya kodi, stima na leseni ya kaunti.

Hatuombi kusamehewa kila kitu. Barabara na hospitali zinajengwa kwa ushuru. Lakini haiingii akilini kwamba kijana alipe ada, halafu kanjo wapakie mzigo wake kwenye lori alasiri hiyohiyo, bila kuonyeshwa pahali halali pa kuuzia. Anayefukuzwa kila siku hawezi kujenga wateja wa kudumu, kwa sababu wateja wa kudumu huhitaji kujua utakuwa wapi kesho. Kaunti ikitaka ada zetu kila mwezi, itupe kona moja tusimame mwaka mzima.

Kuna pia ukweli mchungu wa kumalizia. Unaweza kufanya haya yote na daftari likaonyesha hasara miezi mitatu mfululizo. Hapo usizame na meli kwa sababu ya jina uliloandika mlangoni. Waulize wale wateja wako wa kudumu wananunua nini pahali pengine, na ubadilishe bidhaa. Aliyekuwa akiuza nguo akauza mayai hajashindwa. Bado ana watu wale wale wenye nambari yake, na hao ndio mtaji ambao hakuna dalali wa mnada anaweza kuubeba.

Kwa hivyo leo jioni, kabla ya kuingia TikTok, fungua simu uchague watu kumi walionunua kwako miezi miwili iliyopita na hujawaona tena. Waandikie mmoja mmoja, kwa majina yao. Waambie una nini, ni pesa ngapi, na kesho unafungua saa ngapi. Kisha kesho ufungue saa hiyo.